Mbao ya Upinde Huchaguliwa kwa Kazi Yake

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa useremala, Mafinga, mwanzoni mwa kiangazi

Walimu wa karakana, mafundi wenzangu, wazazi mliofuatana na watoto wenu, na ninyi vijana mliojaza benchi za nyuma: kamwene!

Nimeombwa nizungumzie upinde wa matabaka, yaani upinde unaoundwa kwa vipande vyembamba vilivyogandishwa pamoja badala ya kuchongwa kwenye fimbo moja. Nashukuru kwa nafasi hii, kwa sababu kazi hii naipenda na ningependa ienee. Kila nikikaa na mafundi naulizwa swali lile lile: "Fundi, mbao gani inafaa kwa upinde?" Nami huuliza kwanza: ikae wapi? Mgongoni, katikati au tumboni? Mtu akishajibu hilo, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha. Asipojibu, atanunua mninga wa bei mbaya, ataukausha, ataugandisha, na utakatika siku ya kwanza ya kuvutwa, kisha atasema mninga haufai.

Najua tumekutana kwenye nchi ya mkuki. Pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, mkuki wa Wahehe ndio uliofanya sehemu kubwa ya kazi dhidi ya kikosi cha Wajerumani, na watoto wa Iringa wamekua wakisimuliwa hivyo. Lakini pinde zipo Tanzania na hazijawahi kutoweka. Kule Ziwa Eyasi Wahadzabe mpaka leo wanachonga upinde kwa fimbo moja ya miti kama mkole, bila gundi wala klampu, na wanaishi nao. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza, na ni haki yake: kwa nini basi tujisumbue na matabaka?

Sababu yangu ni malighafi tuliyonayo. Fimbo nzuri ya upinde ni mti ulionyooka wenye urefu wa karibu mita mbili, usio na fundo wala msokoto, na uliokatwa kwa kibali. Ukitaka fimbo ya namna hiyo utatembea sana. Ila zunguka karakana za samani hapa Mafinga, Iringa mjini, Makambako au Mbeya, utaona vipande vya mninga, mkongo na mtiki vikitupwa kwenye rundo la kuni. Vina upana wa sentimita nne, urefu wa sentimita tisini, havitoshi mguu wa kitanda. Kwa upinde vinatosha kabisa, kwa sababu mkono wa juu na mkono wa chini, yaani nusu mbili za upinde zinazokunjika, inaweza kutoka kwenye vipande viwili tofauti vinavyokutana kwenye mshikio, pale ambapo upinde haukunjiki. Upinde wa matabaka unatokana na mabaki mazuri, na sisi mabaki mazuri tunayo.

Sasa tuingie ndani ya upinde wenyewe. Mgongo ni upande unaotazama shabaha. Tumbo ni upande unaomtazama anayevuta. Kunja kidole chako cha shahada, ukiangalie: ngozi ya juu inavutika mpaka inang'aa, ya ndani inakunjana. Upinde ukivutwa, mgongo unavutwa urefuke na tumbo linabanwa lifupike. Katikati kuna mstari ambao hauvutwi wala haubanwi, lakini hapo matabaka yanataka kuteleza, moja juu ya jingine, na gundi ndiyo inayoyazuia. Hizi ni kazi tatu tofauti. Mti unaoimudu moja unaweza kuishindwa nyingine.

Nianze na mgongo, na hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu upinde unaokatika ghafla karibu siku zote huanzia mgongoni.

Mgongo hautaki mbao ngumu kwanza. Unataka nyuzi zisizokatika kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Uzi wa mbao unaotokea pembeni au juu ya ubao katikati ya urefu wake ni mahali pa kupasukia, hata kama mbao yenyewe ni nzito kama jiwe. Na hapa miti yetu mingi mizuri ya samani ina tatizo. Mkangazi, mvule, na mara nyingi mninga na mkongo pia, nyuzi zake zinapishana: mwaka huu zinalalia kulia, miaka michache baadaye zinalalia kushoto. Ndiyo maana ukipiga randa upande mmoja inalainika na upande wa pili inang'oka. Kwenye meza, kupishana huko kunaleta mistari inayometa na mteja anafurahi. Kwenye mgongo wa upinde kunaleta kibanzi kinachoinuka, na baada ya kibanzi unasikia mlio.

Namna ya kuzijua nyuzi ni mbili, zote za bure. Piga randa ubao, dondoshea tone la wino, uangalie unakokimbilia: wino hufuata nyuzi, wala haufuati mistari ya rangi unayoiona kwa macho. Ya pili, chukua kipande cha mwisho cha ubao ule ule ukipasue kwa shoka. Msumeno unaweza kuzikata nyuzi ukapata ubao ulionyooka kwa macho tu, lakini ufa wa shoka utakuonyesha zinakoelekea. Kama kwenye sentimita thelathini za urefu ufa umekwisha kutokea pembeni, ubao huo usiuweke mgongoni.

Sasa, nyanda zetu hizi zina kitu kinachofaa mgongoni kuliko mbao yoyote inayouzwa mjini, na tumekizoea mno kiasi kwamba hatukioni. Nazungumzia mwanzi. Nazungumzia hasa mwanzi wa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi, ule uliopandwa kuzunguka nyumba za Wahehe na Wabena, Iringa hadi Njombe. Nyuzi za mwanzi zinakwenda moja kwa moja bila kupishana, na zimesongamana zaidi karibu na ganda la nje, mahali hasa ambapo mgongo wa upinde unavutwa kwa nguvu zote. Na mwanzi huu wa ulanzi una ukuta mnene, shina la chini wakati mwingine karibu limejaa kabisa. Mianzi ya milimani, ile ya misitu ya Rungwe na Uporoto, ina uwazi mkubwa ndani na ukuta mwembamba zaidi. Ni mizuri kwa kazi nyingi, lakini ukiukwangua ndani upate bapa unabaki na kidogo sana. Tena kule ni misitu ya hifadhi, usiingie na panga. Mwanzi wa shamba la babu unatosha.

Chaguo la mwanzi lina masharti yake. Usichukue ule uliogemwa. Chipukizi lililokatwa ncha wakati wa masika ili litoe ulanzi halikui kuwa shina la kutegemewa. Mwombe mwenye shamba yale mashina aliyoyaacha yasimame, yenye umri wa miaka mitatu hadi mitano. Shina changa lina maji mengi na linasinyaa vibaya. Lililozeeka sana limepoteza unyumbufu. Likate mwanzoni mwa kiangazi, wakati sukari na wanga ni kidogo ndani yake, la sivyo bungua watalitoboa na utaona unga mweupe ukidondoka kwenye upinde uliokwisha kupakwa vanishi. Lipasue, usilikate kwa msumeno kwa urefu, upate bapa pana kidogo kuliko upinde wako. Kisha kwangua ndani tu. Ganda la nje usiliguse kwa randa; pale kwenye vifundo pitisha msasa taratibu uondoe ukingo mkali, basi. Fundi anayesawazisha vifundo vya mwanzi mpaka mgongo uwe laini kama kioo anakata zile nyuzi alizozifuata.

Na jambo moja ambalo wengi hawaliamini mpaka waone: mwanzi unaweza kuwa na nguvu kupita kiasi. Ukiuacha mnene, milimita tano au sita, mgongo hautaki kuvutika hata kidogo, basi mzigo wote unaangukia tumbo, na tumbo linasagika. Utaona mistari midogo myembamba imekatiza upana wa tumbo, kama mikunjo. Huo upinde umekwisha. Mwanzi wa milimita tatu katikati ya upana wake, ukipungua kuelekea kingo, unatosha.

Tumbo, basi. Hapa ndipo mbao nzito na ngumu zina heshima yake. Tumbo linabanwa, na nyuzi zinazopishana kidogo hazina madhara makubwa kama kule mgongoni. Unachotaka ni mbao inayokubali kubanwa na kurudi. Mkongo ni mzito, unatulia, hauchezi na unyevu. Mninga ulioiva rangi ni mwepesi kuliko mkongo lakini una sifa adimu duniani: husinyaa kidogo sana unapokauka, kwa hiyo haupindi gundi ikishashika. Ukitumia mninga tumboni, ongeza upana wa upinde, usiongeze unene. Mtiki unaopanda huku kutoka Kilombero nao unafaa, ila una mafuta yanayokataa gundi. Ufute kwa kitambaa chenye asetoni na uugandishe muda huo huo.

Mpingo? Najua mtauliza, kwa sababu ni fahari yetu. Mita moja ya ujazo ya mpingo ina uzito wa kilo 1,200 hivi, inazama majini. Mkono wa upinde ukiwa mzito, nguvu yako inaishia kuusukuma mkono wenyewe badala ya kuusukuma mshale. Tia mpingo kwenye mshikio, na vipande vidogo kwenye ncha pale uzi unapokaa. Hapo unapendeza na unafanya kazi.

Tabaka la kati ndilo rahisi. Halivutwi sana wala halibanwi sana, kazi yake ni kuziweka mbali mgongo na tumbo. Kwa hiyo liwe jepesi, lenye nyuzi zilizonyooka, lisilo na fundo. Mgrivilea unaotia kivuli kahawa kule Mbozi unafaa, na mkangazi mwepesi pia, ukipata kipande ambacho nyuzi zake hazipishani. Usitumie pesa nyingi hapa.

Kuna vijana wawili waliniandikia wakiuliza kitu ambacho kwa mji huu ni swali la haki kabisa: kwa nini tusitumie plaiwudi? Viwanda viko hapa hapa, na plaiwudi tayari ni matabaka yaliyogandishwa. Swali zuri. Angalieni ukingo wa plaiwudi. Tabaka moja nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, la pili zimekatiza kwa upana, la tatu kwa urefu tena. Hiyo ndiyo inayoifanya isipasuke na isivimbe, na kwa kabati ni ubunifu mkubwa. Lakini mbao ikikunjwa kinyume cha nyuzi haina nguvu, inakatika kama biskuti. Kwa hiyo matabaka yaliyokatiza kwenye upinde ni uzito mtupu, na yatapasuka kwanza. Zaidi ya hapo, venia ya plaiwudi huchubuliwa kwenye gogo linalozunguka; kisu kinapoinyoosha ile karatasi ya mbao, upande wake wa ndani unafunguka nyufa ndogo ndogo. Huzioni kwa jicho. Upinde unaziona.

Na msonobari wa Sao Hill je? Shamba lile lina zaidi ya hekta 130,000, tumezungukwa nalo, na ninaliheshimu kwa sababu limejenga nusu ya paa za nchi hii. Lakini msonobari unaokua haraka ni mwepesi na una mafundo mengi, na tumbo la msonobari linasinyaa na kubaki limelala, yaani limeinama bila kurudi. Utumie kwa kalibu, lile umbo ambalo upinde hufungwa juu yake gundi ikishika. Plaiwudi nayo itumie kwa kalibu: vipande vitatu vya milimita 18 ukivigandisha unapata kalibu ya upana wa milimita 54, iliyonyooka, ya kugandishia pinde nyingi. Kila kitu kimepata kazi yake.

Mkaratusi, pamoja na mwati wa Njombe, ni migumu ya kutosha. Taabu yake ni kupasuka inapokauka, hasa mikaratusi, yenye mikazo ndani tangu ikiwa imesimama. Kama unao, pasua vipande vidogo vikiwa vibichi, paka nta au rangi kwenye ncha, uvikaushe taratibu kivulini. Vitakavyobaki bila ufa, vijaribu tumboni.

Kuvijaribu ndiko kunanileta kwenye ndoo. Tafadhali mlishike hili kuliko majina yote niliyoyataja, kwa sababu mti mmoja wa mninga si sawa na mwingine. Chonga kijiti cha kila mbao unayoifikiria, urefu sentimita 70, upana sentimita 2, unene sentimita 1 kamili. Kilaze juu ya viti viwili vilivyoachana sentimita 60. Pima urefu kutoka kijiti hadi sakafuni. Ning'iniza katikati ndoo yenye lita 10 za maji. Pima tena: kitakuwa kimeshuka sentimita mbili au tatu hivi, na kadiri kinavyoshuka kidogo ndivyo mbao ilivyo kakamavu. Iache ndoo mpaka asubuhi. Ondoa, ngoja nusu saa, pima mara ya tatu. Kile kilichobaki hakijarudi ndicho mtakachokiona kwenye upinde wenu kama umelala na kupoteza nguvu. Mbao inayoshuka kidogo na kurudi yote ni ya tumboni. Inayoshuka na kubaki imeinama, iende katikati au iende jikoni. Muwe makini na unene wakati wa kuchonga vijiti, kwa sababu ukakamavu hufuata unene uliozidishwa kwa unene, kisha kwa unene tena: kutoka milimita 12 hadi 13 unaongeza zaidi ya robo. Upana ukiuzidisha mara mbili, ukakamavu nao unazidi mara mbili tu. Kosa la milimita moja litakupa jibu la uongo.

Ukavu. Kwa upinde tunataka unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Zaidi ya hapo mbao inalala. Chini sana inakuwa kavu ya kukatika. Kama huna kipima unyevu, chukua kipande kidogo kutoka ubao ule ule, ukipime kwenye mizani ya duka la dhahabu au ya maabara ya shule, ukikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 103 hadi uzito uache kupungua. Tuseme kilikuwa gramu 50 kikawa 45. Gramu tano zilizopotea ugawe kwa 45, upate asilimia 11. Bado kidogo. Huku kwetu masika hewa imejaa maji na hakuna mbao itakayofika pale bila kusaidiwa. Kiangazi, kwa upepo wa Makambako, inafika yenyewe ikiwekwa ndani, juu ya vijiti, mbali na ukuta. Na matabaka yote matatu yawe na unyevu unaolingana, maana mwanzi mkavu uliogandishwa kwenye mninga mbichi utapindisha upinde mzima wiki ile ile.

Gundi nitaipitia kwa haraka kwa sababu fundi yeyote humu anaijua. Gundi nyeupe ya kawaida ya samani inateleza polepole chini ya mzigo wa kudumu. Si ya upinde. Tumieni epoksi ile ya kuchanganya vitu viwili, inayochukua saa nyingi kushika, si ya dakika tano. Uso wa mbao uwe umekwaruzwa upya siku hiyo hiyo kwa msasa mkali. Epoksi hairuhusu kubanwa sana. Ukikaza klampu kwa hasira unaikamua yote na unabaki na kiungo kikavu. Ndiyo maana napenda mikanda ya tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, inayozungushwa kwenye upinde na kalibu kutoka mwisho hadi mwisho: inabana kila mahali kwa nguvu sawa. Na baridi ya Mafinga ya mwezi wa sita na wa saba iogopeni. Joto likishuka nyuzi kumi, epoksi inachukua karibu mara mbili ya muda wake. Tengenezeni sanduku refu la mbao lenye balbu mbili za zamani za kutoa joto, mkiweka upinde humo usiku kucha.

Vipimo vya kuanzia kwa anayejifunza: upinde wa sentimita 170, upana milimita 35 karibu na mshikio ukipungua hadi milimita 12 kwenye ncha, mwanzi milimita 3, katikati milimita 4, tumbo milimita 6 au 7 na upunguze kuelekea ncha. Hapo bado utakuwa mgumu, nawe utaukwangua tumboni, kidogo kidogo, ukiukunja na kuutazama, mpaka mikono yote miwili ijipinde sawa.

Niliulizwa pia kuhusu faibaglasi. Pinde nyingi zinazouzwa Marekani na Ulaya zina faibaglasi mgongoni na tumboni, na ni pinde nzuri, zinadumu. Lakini faibaglasi ndiyo inayobeba mzigo pale, mbao imebaki katikati, na vumbi la faibaglasi ni baya kwa mapafu. Wajapani wamejenga upinde wao mrefu kwa karne nyingi kwa mwanzi pande zote mbili na mbao katikati, na unapita mita mbili. Kwa mtu mwenye mianzi nyuma ya nyumba, huo ndio mfano ninaouona wa kufuata.

Mama mmoja ameuliza kama kijana wake atakuwa anakwenda kuwinda. Hapana. Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na upinde tutakaotengeneza hapa ni wa shabaha ya gunia lililojazwa majani. Vivyo hivyo mbao za misitu ya asili: mninga na mkongo vinunuliwe kwa mtu mwenye karatasi za TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, au yawe mabaki ya karakana inayojulikana.

Sasa ratiba. Mianzi ikatwe wiki hii na ijayo, kabla watu hawajaingia kwenye kazi nyingine. Ipasuliwe ikiwa mibichi, ipangwe kivulini. Kila mmoja achonge vijiti vya ndoo kutoka kwenye mbao zisizopungua tatu, aandike majina na vipimo kwenye daftari. Mwisho wa Agosti baridi itakuwa imepungua na hewa bado kavu. Tutakutana hapa karakana, kalibu mbili zitakuwa tayari, na epoksi tutachanga. Tyubu za baiskeli kila mtu aje na zake.